Tuliandikwa, tukangoja: neno la komite juu ya chanjo ya mpox

Maneno haya yalisomwa na komite kwenye mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka 2024. Tunayachapa hapa kwa ajili ya memba ambao hawakufika na marafiki wetu walio mbali.



Kila mwaka tunaanza mkutano huu na hesabu ya sanduku letu la kusaidiana, halafu mambo ya mashamba, halafu wagonjwa na wale waliotutoka. Mwaka huu komite imekubaliana kugeuza utaratibu. Hesabu mtaisoma kwenye kurasa za nyuma, nayo iko sawa. Kwanza tunataka kusema juu ya jambo moja ambalo mmekuwa mkituuliza njiani, sokoni na nje ya kanisa: chanjo ya mpox ilichelewa juu ya nini? Na juu ya nini sisi komite tuliwaambia inakuja, na haikuja?

Swali la kwanza lina jibu refu. La pili lina jibu fupi: tulikosea. Leo tutajibu yote mawili.

Sisi tunajua kungoja

Wengi wetu hapa tulikaa Lugufu na Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, miaka na miaka. Tulingoja posho, tulingoja maji, tulingoja karatasi. Na HCR ilipoanza kuturudisha kwa meli toka Kigoma, mwaka 2005, tulingoja pia safari ya kurudi kwetu. Mnakumbuka vile ilivyokuwa. Unaandikwa jina. Unapewa tarehe. Unauza kuku, unauza sufuria, unafunga mizigo, watoto wanaagana na wenzao wa shule. Halafu unaambiwa meli haiendi wiki hii. Wiki inayofuata, vilevile.

Na mnakumbuka kilichofuata. Jirani mmoja anasema meli imezama. Mwingine anasema waliotangulia wameuawa huko Fizi. Mwingine anasema nafasi zetu zimeuzwa. Watu hao hawakuwa wabaya, na wajinga hawakuwa. Hakuna aliyekuja kutuambia kitu, basi kila mtu alijaza mwenyewe mahali palipoachwa wazi. Kuna familia zilifungua mizigo na kukataa kabisa kupanda meli, na meli ilipokuja kweli walibaki.

Tunaanza na hayo kwa sababu mwaka huu tumeona jambo lilelile, ila safari hii tuliokuwa na daftari la majina mkononi ni sisi wenyewe.

Ugonjwa huu si mgeni

Tuseme kwanza ukweli wa ugonjwa. Mpox, ile ambayo wengi bado wanaita ndui ya nyani, inajulikana kwetu kuliko mahali pengine popote duniani. Mtu wa kwanza kutambuliwa kuwa nayo alikuwa mtoto wa miezi tisa, wa Basankusu, kule Équateur, mwaka 1970. Toka hapo watu wa misitu yetu waliugua, wengine wakafa, na dunia haikusikia.

Mwaka 2022 ugonjwa ulitoka nje. Uliingia Ulaya na Marekani, na tarehe 23 mwezi wa 7 mwaka huo OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ilitangaza kwamba ni hatari ya dunia nzima. Chanjo ilikuwapo. Inaitwa MVA-BN, inatengenezwa na kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark, na Marekani ilikuwa imeiruhusu toka mwaka 2019. Watu wa huko walipanga foleni, wakachanjwa. Huku kwetu haikuja, isipokuwa kwa utafiti. Watumishi wa afya wa Tshuapa walikubali kuchanjwa katika utafiti ulioanza mwaka 2017. Tunalisema hili ili kila mmoja alijue: wakati wa kuifahamu chanjo hii, mikono ya Wakongomani ilitolewa.

Halafu mwezi wa 9 mwaka 2023 ugonjwa ukatokea Kamituga, huko Mwenga, jirani zetu, kati ya wachimbaji wa dhahabu na watu wanaofanya biashara nao. Ilikuwa aina mpya, ile waganga wanayoita Ib, na inapita kutoka mtu kwa mtu kwa kugusana, kwa tendo la ndoa, na ndani ya nyumba wakati watu wanalala kitanda kimoja na kutumia shuka moja. Ilifuata njia ambazo watu na bidhaa wanafuata. Mwezi wa 7 mwaka 2024 ilikuwa imeshafika Burundi. Tarehe 13 mwezi wa 8 Africa CDC ilitangaza hatari ya bara lote, na kesho yake OMS ikatangaza tena hatari ya dunia. Siku hiyo OMS ilisema kwamba hapa Kongo, kwa mwaka huo tu, walikuwa wamehesabu zaidi ya wagonjwa 15,600 na vifo 537.

Basi radio zote zikaanza kusema neno moja: chanjo, chanjo, chanjo. Lakini chanjo yenyewe haikuwa hata kwenye frigo moja ya hospitali zetu.

Ilichelewa juu ya nini

Memba wengine walituambia, "Ni wazi, hawatutaki." Hatuwezi kusema neno hilo halina msingi hata kidogo. Lakini tumeuliza, tumesikiliza, na tunaona kuchelewa kulikuwa na vifungo vingi, kimoja kikishikana na kingine. Tuvitaje moja moja, kwa sababu mtu akijua kifungo kiko wapi anajua pia nani wa kuuliza.

Kifungo cha kwanza ni karatasi za kwetu. Serikali ya Kongo yenyewe iliruhusu chanjo itumike mwezi wa 6 mwaka 2024, miezi tisa baada ya Kamituga. Hapo hatuwezi kulaumu Mzungu yeyote.

Kifungo cha pili ni karatasi za OMS. Mashirika yanayonunulia nchi kama yetu chanjo, kama UNICEF na Gavi, yanangoja kwanza OMS ikubali chanjo hiyo. OMS iliiomba kampuni ilete karatasi zake mwezi wa 8 mwaka 2024 tu, na ilikubali MVA-BN tarehe 13 mwezi wa 9. Chanjo ileile ilikuwa imetumika Ulaya na Marekani miaka miwili mbele. Hapa ndipo hasira ya watu ina haki yake.

Kifungo cha tatu ni bei. UNICEF ilipofanya mapatano ya kununua, bei ilikuwa inaweza kufika dola 65 kwa dozi, na mtu anahitaji dozi mbili. Mama anayeuza ndagala anaweza kuhesabu mwenyewe anahitaji miezi mingapi kwa pesa hiyo. Basi nchi ililazimika kutegemea zawadi, na zawadi inakuja siku mwenye kutoa anapopenda.

Kifungo cha nne ni wingi. Waziri wa afya, Samuel-Roger Kamba, alisema nchi inahitaji dozi milioni 3.5. Tarehe 5 mwezi wa 9 ndege ya kwanza ilileta Kinshasa dozi 99,100, zawadi ya Umoja wa Ulaya. Siku chache baadaye Marekani ilileta 50,000. Ni kama kualika kijiji kizima kwenye karamu na kupika chungu kimoja.

Kifungo cha tano ni baridi na barabara. Chanjo hii inatunzwa kwenye barafu kali. Ikishatolewa humo, inakaa kwenye frigo ya kawaida wiki chache tu, na huwezi kuirudisha kwenye barafu. Mnajua umeme wetu. Mnajua barabara zetu wakati wa mvua. Kuitoa Kinshasa na kuifikisha mashariki ni kazi moja. Kuifikisha juu ya milima ni kazi nyingine.

Kuchanja kulitangazwa kuanza tarehe 2 mwezi wa 10. Kulianza tarehe 5, Goma, na watumishi wa afya wakatangulia. Mpango wa kwanza ulikuwa na zoni za afya 11 katika provinsi sita, Kivu Kusini ikiwa moja yao. Nchi yetu ina zoni za afya 519. Mwenye kusikia radio alisikia "chanjo imefika Kongo." Hakusikia "zoni 11."

Watu walisema nini

Sasa tuseme yale tuliyosikia kwa masikio yetu, bila kumtaja mtu. Tumeyaandika kwa sababu kila neno lilikuwa na maana yake, na wanaokuja kutufundisha afya mara nyingi wanayaweka yote kwenye kapu moja wanaloliita "uvumi."

Kulikuwa na wenye hasira. Mzee mmoja alisema, "Siye tunaugua toka 1970. Bazungu baliugua mwaka moja, bakapata. Banangoja tufe kwanza, njo balete." Mzee huyo hakukataa chanjo. Alikuwa anaitaka sana, na ndiyo sababu alikasirika.

Kulikuwa na wenye kulinganisha. Nigeria ilipokea dozi 10,000 mwezi wa 8. Rwanda ilianza kuchanja mwezi wa 9. Vijana walikuwa wanauliza: ugonjwa mwingi uko kwetu, inakuwaje jirani anakula mbele ya mwenye njaa? Kwa watu wa Kivu, swali hilo lina uchungu ambao hatuhitaji kuueleza hapa.

Kulikuwa na wamama. Wao walisema, "Wanaougua ni watoto, na mnasema chanjo ni ya wakubwa?" Na ni kweli. Watoto ni sehemu kubwa ya wagonjwa wa Kongo, na MVA-BN ilianza kama chanjo ya watu wa miaka 18 na zaidi. Chanjo nyingine, LC16 ya Japani, inaweza kupewa watoto toka mwaka mmoja. OMS iliikubali tarehe 19 mwezi wa 11, na Japani imeahidi zaidi ya dozi milioni tatu. Mpaka leo tunaposema hapa, tunaingoja.

Kulikuwa na waliochoka. Wao hawakusema kitu. Waliinua mabega na kurudi shambani. Komite inaona hao ndio tuliopaswa kuwaogopea zaidi, kwa sababu mwenye hasira bado anauliza, lakini aliyechoka hafungui tena mlango.

Na kulikuwa na mfanya biashara. Mtu mmoja alipita sokoni na vichupa vidogo kwenye mfuko, akisema ni chanjo iliyotoka ng'ambo, kwa wenye haraka. Vijana wetu walimfukuza, lakini alikuwa ameshauza. Kilichokuwa ndani ya vichupa hatukukijua. Tunachokijua ni kwamba mtu kama huyo hapati soko mahali ambapo watu wameambiwa wazi chanjo iko wapi na itafika lini.

Kosa letu

Sasa tunafika kwetu wenyewe.

Tuliposikia juu ya ile ndege ya tarehe 5 mwezi wa 9, komite ilikutana. Tulifurahi. Tukasema: safari hii watu wetu wasiwe wa mwisho. Tukafungua daftari, tukaandika majina ya memba, tukaanza na wamotari, wale wanaouguza wagonjwa, na wale wanaokwenda kufanya biashara kwenye machimbo. Hakuna aliyetuomba orodha hiyo. Zoni ya afya haikutuomba. Mwuguzi mkuu wa kituo hakujua. Tulifanya kwa moyo mzuri, lakini hatukuuliza mtu.

Jumapili tarehe 29 mwezi wa 9, baada ya ibada, tukasimama na kutangaza: "Wiki hii inayokuja, wale walioandikwa wafike kituo cha afya siku ya Alhamisi."

Alhamisi ile watu walikuja. Wengine walitoka milimani usiku, kwa mguu. Mmoja aliacha moto yake bila kazi siku nzima. Mwuguzi alitoka nje, akaona watu wamejaa kwenye uwanja, akatuuliza, "Nani amewaita? Mimi mwenyewe sijachanjwa." Tulisimama mbele ya watu wetu bila jibu.

Mama mmoja alisema maneno ambayo tangu siku ile hayajatutoka. Alisema: "Muliniandika Lugufu. Muliniandika Baraka. Sasa munaniandika tena. Jina yangu iko kwa madaftari yote, lakini mimi mwenyewe sijapata kitu." Halafu akafunga kitenge chake, akarudi mlimani.

Wandugu, habari haikuishia hapo. Wiki mbili baadaye, mtoto katika familia ya memba wetu alipata homa, halafu vipele, mpaka kwenye viganja vya mikono na nyayo. Wazazi walijua ni nini. Tulikuwa tumefundisha sisi wenyewe. Lakini mareko, wale wahamasishaji wa afya wa kartie, walipopita, walirudishwa mlangoni. Waliambiwa, "Nendeni mlete kwanza ile chanjo." Familia ilimficha mtoto siku tisa. Alipofikishwa kituo cha afya, ndugu zake wawili walikuwa wameshaanza kutoka vipele.

Watoto watatu wote wamepona, tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru waganga waliowatunza. Lakini wawili kati yao huenda wasingeugua kama mlango ule ungefunguliwa siku ya kwanza. Na mlango ule haukufungwa na ujinga, wala na uchawi, wala na dini. Ulifungwa na tangazo letu la Jumapili.

Tulikwenda kwa familia hiyo, komite yote. Tuliomba msamaha. Walitupatia viti na maji ya kunywa, na baba wa nyumba akatuambia, "Hatukuchukia kungoja. Tumezoea. Tulichukia kuitwa bure." Tunarudia neno hilo hapa kwa ruhusa yake.

Haraka peke yake haitoshi, kimya kinaharibu

Memba wengine watasema: basi dawa ni kuleta haraka. Ndiyo, haraka inaokoa watu. Lakini tukumbuke Ebola. Mwaka 2018 ugonjwa ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8, na tarehe 8 kuchanja kulikuwa kumeanza Mangina. Wiki moja! Chanjo ilikuwa nzuri, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Hata hivyo watu wengi wa Beni na Butembo walikataa, na waganga walishambuliwa. Juu ya nini? Kwa sababu watu walikuwa wanachinjwa kwa miaka na hakuna aliyekuja mbio, halafu wakaona magari mengi yanakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Walisikia mlio wa magari, hawakusikia mtu anayewajibu kilio chao. Ugonjwa ule ulidumu karibu miaka miwili, ukaua zaidi ya watu 2,200, na mwezi wa 8 mwaka 2019 ulifika mpaka hapa jirani, Mwenga.

Tukumbuke pia Covid. Tarehe 2 mwezi wa 3 mwaka 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Kuchanja kulipaswa kuanza mwezi uleule, lakini nchi za Ulaya zilisimamisha chanjo hiyo juu ya hofu ya damu kuganda, nasi tukasimamisha. Kulianza tarehe 19 mwezi wa 4. Katika ile miezi ya kimya watu walishakata shauri. Walisema, "Kama ni nzuri, juu ya nini wameificha?" Mwishowe dozi milioni 1.3 zilipaswa kupewa nchi nyingine za Afrika mbele hazijaharibika. Chanjo ilikuwa mlangoni, watu hawakuitaka.

Basi tumeona mara tatu. Chanjo ya haraka ilikataliwa. Chanjo iliyofika na kusimamishwa ilikataliwa. Na hii ya mpox watu waliingoja kwa hamu, halafu wengine wakageuka. Katika zote tatu, mahali pa mtu wa kusimama mbele ya watu na kuwaambia ukweli wa siku ile palibaki wazi, hata kama ukweli wenyewe ni "bado."

Tulichobadilisha

Komite imeweka sheria tatu, na tunaomba mkutano huu uzikubali ziwe sheria za association yote, hata kwa mambo ya mbegu, mabati na karo za shule.

Ya kwanza: hatutangazi tarehe ya kitu ambacho hakijafika. Kikiwa Kinshasa, tutasema kiko Kinshasa. Kikiwa Bukavu, tutasema Bukavu. Siku mwuguzi atakapotuonyesha kwenye frigo yake, siku hiyo tutaita watu.

Ya pili: kila siku ya soko tunasimama na kusema mambo matatu: tunachokijua, tusichokijua, na tunachofanya wakati tunangoja. Tumeanza mwezi wa 10. Siku nyingine habari yote ilikuwa "hakuna jipya," na tulisimama tu kusema hivyo. Wiki za kwanza watu walicheka. Sasa wanakuja, wanauliza. Mwezi wa 11 familia moja iliona vipele kwa mtoto na ikamleta siku ya pili. Hatusemi ni kwa sababu yetu. Tunasema mlango ulifunguliwa.

Ya tatu: hatuandiki jina la mtu bila kumwambia orodha ni ya nini, nani ataisoma, na kama haina ahadi yoyote. Lile daftari la mwezi wa 9 tumelifuta mbele ya wenye majina.

Tena tunaongeza neno moja la kazi. Kungoja si kukaa mikono mitupu. Sabuni, maji, shuka ya peke yake kwa mgonjwa, kutogusa vipele, kufika kituo cha afya mapema: hivi havihitaji ndege toka Ulaya. Lakini mgonjwa akitengwa nyumbani, nyumba inakosa mkate wa siku. Ndiyo maana toka mwezi wa 10 sanduku letu linatoa unga, maharagwe na sabuni kwa nyumba yenye mgonjwa mpaka apone. Wamama waliolipendekeza jambo hilo wanajua kwamba mtu anaficha ugonjwa kwanza kwa sababu ya njaa, halafu ndipo kwa sababu ya aibu.

Neno kwa marafiki wetu

Ninyi mnaotutumia msaada, tunawaheshimu na tunawashukuru. Tunawaomba mambo mawili.

La kwanza, jambo likichelewa, mtuambie. Msingoje mpaka kila kitu kiwe tayari. Kwetu barua yenye maneno "imechelewa, tunafikiri ni juu ya hili" ina faida kuliko miezi mitatu ya kimya na picha nzuri mwishoni. Tunaweza kusimama sokoni na barua kama hiyo. Na kimya hatuwezi kusimama nacho.

La pili, msilete karatasi za ukutani kabla ya chanjo. Tulipokea picha kubwa za rangi zenye kusema "Chanja ujikinge" wakati hakuna hata dozi moja. Kila aliyepita aliona tunamcheka. Mwaka unaokuja, pesa hiyo iwe ya sabuni, na ya petroli ya pikipiki itakayobeba sanduku la baridi mpaka mlimani siku chanjo itakapofika.

Neno kwa memba

Wandugu, hasira yenu ina haki. Mtoto wa kwanza kujulikana kuugua mpox alikuwa wetu, na chanjo ilitufikia nyuma ya wengine. Muendelee kuuliza: muulize serikali juu ya ile miezi tisa, muulize OMS juu ya karatasi zake, muulize kampuni juu ya bei, mtuulize sisi juu ya daftari. Lakini kuchelewa kusiwe sababu ya kusema chanjo ni mbaya. Meli iliyotuchelewesha Kigoma ndiyo ileile iliyotuleta nyumbani. Wale waliofungua mizigo na kubaki, wengine mpaka leo wako Nyarugusu, na wanatuuliza kwa simu kama hapa kuna mahali pa kulima.

Siku chanjo itakapofika kwenye kituo chetu, tutawaita. Mkisikia tunaita, mjue tumeiona kwa macho.

Na yule mama aliyerudi mlimani, hatujamwandika tena. Tulikwenda kwake wiki iliyopita kumwambia tu habari ya siku: bado. Alitusikiliza, akatuuliza habari ya nyumba zetu, akatupatia mihogo ya kubeba. Tuliposimama kuondoka alisema, "Murudie tena, hata kama ni bado." Tumemwahidi tutarudi, na hiyo ni ahadi iliyo mikononi mwetu.

Sasa maswali, na tunaomba waliokaa nyuma waanze.